Kuvuta Kamba si Mchezo

— Kuvuta kamba ni mchezo? Jibu haraka, Dada Dawa, na usituletee maneno ya chuo kikuu.

Hata sijakaa vizuri. Aliyenirushia swali ni Kocha, fundi cherehani, ambaye hakuna timu aliyowahi kuifundisha. Jina alijipa mwenyewe. Jumamosi iliyopita wanaume wa mtaa wetu walivuta kamba na mtaa wa pili. Walikuwa wanawaburuza wenzao vizuri tu, mara kamba ikawatoka, wote chini kama magunia. Lawama zikamwangukia Nanga, kinyozi, kwa kuwa ndiye aliyesimama mkiani kubeba uzito wa wote. Wakasema ameachia. Tangu hapo hata watoto wanamwita Achia, kiti chake cha kunyolea hakina mteja, na kwenye benchi hili, kati ya duka langu la dawa na birika la Mama Kahawa, nafasi yake iko wazi. Wenzake wamemmisi, ila kulisema hilo hadharani hawawezi. Wameona bora wabishane.

— Ni mchezo, nikasema. Watu wanashindana, kuna sheria, kuna mshindi.

— Umekosea, alisema Kocha. Mchezo lazima uwe na mpira. Hakuna mpira, hakuna mchezo. Kama si mchezo, hatujashindwa. Kama hatujashindwa, Nanga hana kosa, arudi tunywe kahawa. Yameisha.

— Na wakimbiaji je? akauliza Spika, dereva wa teksi, ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Wanakimbia na mpira?

— Wale wana haraka zao.

Soli, fundi viatu, akacheka kwa dharau.

— Shida yenu hamwangalii miguuni. Kila mchezo una kiatu chake. Haya, kiatu cha kuvutia kamba ni kipi? Mimi nilivuta na ndala.

— Ndiyo maana uliteleza! akadakia Spika.

— Niliteleza kwa sababu ulinilalia, na tumbo lako hilo!

— Na muogeleaji, Soli? nikamuuliza. Yeye anavaa kiatu gani?

Soli akanywa kahawa yake taratibu sana.

— Jamani, mnahangaika bure, alisema Spika. Mwanamichezo ni mtu anayetoka jasho huku watu waliokaa wanamfokea. Kwa hiyo mimi nikiwa kwenye foleni ni mwanamichezo. Abiria anafoka nyuma, trafiki anafoka mbele, na jasho mnalijua.

— Basi bingwa ni mimi, alisema Mama Kahawa. Napepea mkaa tangu alfajiri, nyie mmekaa hapo mnapiga kelele kahawa haijachemka.

— Wewe huna mpinzani, mama, akasema Spika.

— Ninao. Wameketi kwenye benchi.

Tulicheka wote isipokuwa Kocha. Soli, ambaye hakuwa amesahau aibu ya muogeleaji, akarudi kwa nguvu mpya.

— Sikilizeni. Mwanamichezo halisi utamjua kwa majeraha. Ukimwona mtu katoka uwanjani hana hata mchubuko, ujue huyo alikuwa mtazamaji aliyepotea njia.

— Upuuzi! Kocha aliruka kama kachomwa sindano. Mke wangu juzi kajikata na kisu akimenya viazi, tumpe kombe? Nimeshasema si mchezo! Mbona mnang'ang'ania?

Hasira ilikuwa kubwa kuliko hoja. Nilidhani ni kahawa imemzidi.

Hapo ndipo alipofika mke wa Nanga. Huwa anapita upande wa pili wa barabara, hana muda na porojo zetu. Leo alivuka.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji! Karibu, keti!

— Siketi. Dada, naomba dawa ya kupaka mtu aliyeungua.

— Nani kaungua?

— Huyo kaka yenu. Viganja vyote viwili, ngozi imetoka. Alikuwa ananificha, leo nimemfuma anashindwa kufunga vifungo vya shati. Mashine ya kunyolea hawezi hata kuishika.

Halafu, badala ya kunifuata dukani, akawageukia wao.

— Hebu nielezeni, nyie mnaojua michezo. Mtu akiachia kamba, anaunguaje viganja?

Mama Kahawa alibaki ameinamisha birika juu ya kikombe, hamimini. Soli akaangalia mikono yake; ilikuwa na michubuko iliyoanza kukauka. Spika akafunua yake, malengelenge matupu. Kisha, bila mtu kumwambia mwenzake, tukamtazama Kocha. Mikono yake ilikuwa mifukoni.

— Itoe, ndugu yangu, alisema Spika, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole.

Akaitoa. Laini, safi, kama ya bwana harusi.

— Tulikuwa tunashinda, alisema, macho kwenye vumbi. Lastiki ikakatika. Bukta nilishona mwenyewe, mtaa mzima unajua nilishona mwenyewe. Na mama mkwe wangu kaketi mstari wa mbele kabisa.

— Kwa hiyo? akauliza shemeji.

— Kwa hiyo nilishika bukta, shemeji. Kwa mikono yote miwili. Aliyeachia kamba ni mimi.