Mgongo wa Kiti cha Verlin

Benchi la mbele ya kinyozi, katika mji ule wa mafundi viti wa Carolina Kaskazini, Marekani, lina wenyewe. Yupo Rufus, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kukaa wiki mbili mahakamani kama mzee wa baraza, na hiyo ndiyo shahada yake yote. Yupo Odell, aitwaye Msasa kwa ulimi unaokwaruza. Na yupo Verlin, fundi mwenyewe. Jumatano hiyo Verlin alikuja na hati ya kulinda umbo la kiti chake, iliyotoka Jumanne, akawanunulia wenzake kahawa. Lakini roho yake haikutulia. Kiwanda kimoja kilikuwa kimeiga mgongo wa kiti kile na kubadili miguu tu, na kwa kuwa mchoro wa hati ulilinda kiti kizima, miguu ikiwamo, kiwanda kiliponyoka. Sasa alitaka ombi la pili, mtoto wa lile la kwanza: mchoro uleule, ila miguu iwe ya vistari vya kukatika, yaani isidaiwe, ili mgongo peke yake uwe wake.

— Mwezi jana nilikwambia nini? Wakili alisema. Subiri hati itoke kwanza. Haraka haraka haina baraka.

— Ndiyo nikasubiri, ndugu yangu.

Msasa akadai kiti chenyewe lazima kipelekwe Washington, mkaguzi wa hati akikalie.

— Akikalie kwani amechoka? Wakili akajibu. Jina lilelile, mchoro uleule, usiongeze hata msumari, na ulitaje ombi la kwanza. Basi.

— Na mkaguzi awe na mgongo mzima, Msasa akasema. Mwenye kibiongo atakipendaje?

Verlin alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Pembeni alikuwapo mama mmoja, Lenore, akimngoja mumewe anayenyolewa.

— Samahani, wazee. Nimechapa maombi hayo miaka kumi na moja, kwa wakili wa kweli. La pili hupelekwa la kwanza likiwa bado mezani. Hati ikishatoka, mlango huo umefungwa. Sasa mlikuwa mnasubiri nini?

Verlin akamgeukia Wakili, rafiki yake wa miaka arobaini, asikie atajibuje. Wakili akainuka, akasema anakwenda kuongeza kahawa, na hakurudi.