Kasian Mbawala na Kura 1,904 za Lihonga

Wapendwa waombolezaji, mnaombwa mkae, maana historia hii si fupi, na walioomba ifupishwe wamekwisha kujibiwa. Inasomwa leo, Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, hapa Dubai, kabla jeneza halijafungwa kwa safari ya nyumbani, na mdogo wa marehemu, Pius Mbawala, karani mstaafu wa mahakama, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza kwa maandishi na kutia sahihi.

Marehemu Kasian Mbawala alizaliwa tarehe 13 Agosti 1956, katika kijiji cha Lihonga, kata ya Lihonga, Jimbo la Mkalole, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Alkwini na Mama Sabina. Wapo waliotaka pasomwe jina la jimbo la sasa, eti Mkalole halimo tena kwenye ramani, lakini mtu hazaliwi upya kwa sababu mwingine amechora mstari, na jimbo hilo lilipiga kura mara sita, mwaka 1965, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990, kisha likakatwa vipande vitatu kabla ya uchaguzi wa 1995, na hakuna aliyefika Lihonga kuuliza mtu neno.

Alisoma Shule ya Msingi Lihonga tangu 1964 hadi 1970, ambako mwalimu wake wa hesabu alikuwa Mwalimu Evans Ndunguru, ndiye aliyemfundisha kuweka rula chini ya kila mstari wa tarakimu ili jicho lisiteleze, akaendelea na sekondari hadi 1974, akapata mafunzo ya ukarani, na tarehe 1 Julai 1977 akaajiriwa katika ofisi ya wilaya, ambako mwandiko wake ulisifiwa kuliko wa karani yeyote. Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa takatifu na Frida, ambaye yupo mbele yetu, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Rogers, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1981.

Sasa tumefika mahali ambapo Rogers alisema juzi, mbele ya wazee, "Baba mdogo, hapo ruka, usituaibishe," na msomaji haruki.

Jumapili, tarehe 27 Oktoba 1985, Jimbo la Mkalole lilikuwa na wagombea wawili wa ubunge, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Jembe alikuwa Mwalimu Evans, mtoto wa Lihonga. Fomu za kata zilikuwa na jembe kushoto na nyumba kulia, lakini fomu ya jumla ya mwaka ule ililetwa imechapwa nyumba kwanza, na fomu ya Lihonga ilinyeshewa njiani, wino ukaanza kutawanyika, marehemu, aliyekuwa karani wa kujumlisha kura, akaamriwa ainakili haraka kwenye ile ya jumla, akanakili kwa mkono uliozoea jembe kushoto, na usiku ule hakuweka rula. Lihonga ilikuwa imempa Mwalimu Evans kura 1,904 na mwenzake kura 611, lakini kwenye fomu ya jumla zikaingia kinyume, na tarehe 29 Oktoba ikatangazwa kwamba nyumba imeshinda kwa kura 11,873 dhidi ya 11,206, na kwamba Mwalimu Evans amekataliwa na kijiji alichozaliwa.

Marehemu aligundua kosa lake siku saba baadaye, tarehe 5 Novemba, alipokuwa akianika ile fomu iliyolowa, akaenda nayo mbio kwa mkubwa wake, naye, ambaye jina lake halistahili kutajwa mbele ya maiti, alimjibu bila kuinua macho, "Matokeo yakishatoka mdomoni hayarudi, Mbawala, wewe una mke na mtoto, nenda kafanye kazi." Kukosea ni kwa binadamu, na mwandiko mzuri si kinga, lakini kulijua kosa na kulikalia kama kuku akaliavyo mayai, hiyo ni dhambi ya ofisi, na ofisi ile ililikalia hadi likaoza.

Lihonga ikageuka kijiji cha kushukiana, ndugu akamuuliza ndugu nani alimsaliti mwalimu, ngoma za mavuno zikachezwa pande mbili, na Mwalimu Evans akaacha kusalimia watu. Mwaka 1987, mwezi Septemba, alimkuta marehemu penye daraja, akamshika mkono, akamwuliza, "Kasian, mwanangu, wewe ulikuwa ndani, hebu niambie, watu wangu niliwakosea nini?" Marehemu akajibu, "Sijui, mwalimu." Jibu hilo halitapambwa hapa kwa sababu mwenyewe hakulipamba, aliandika kwamba ndilo kosa lake la kweli, maana lile la fomu lilifanywa na mkono, na hili lilifanywa na moyo. Mwalimu Evans alihamia ukweni, akafariki huko tarehe 3 Mei 1991.

Marehemu aliandika barua mwaka 1988, 1990, 1992 na 1994, hakujibiwa, akaandika tena Januari 1996, akajibiwa kwa mstari mmoja, kwamba jimbo hilo halipo tena, hivyo hakuna cha kusahihishwa. Wakuu hao walilizika jimbo, wakalizika pamoja na ushahidi, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo marehemu akapunguzwa kazi.

Mwaka 2006, tarehe 9 Aprili, aliingia Dubai, akawa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Musallam, Al Baraha, ambako kila mstari wa daftari aliwekea rula, hata arbab wake, yaani huyo tajiri wake, akawa akimtania, "Kasian, yalla, misumari haigombei ubunge!" na wote wakacheka isipokuwa yeye.

Mwaka 2019, siku ya Ijumaa, tarehe 8 Machi, baada ya misa, alimwona mama mmoja afanyaye kazi nyumba moja ya Mirdif, akasikia akiitwa Edna Ndunguru, akamwomba wakae kando, akamwonyesha ile fomu, ambayo alikuwa ameivusha bahari ndani ya Biblia. Edna akasema, "Baba yangu amekufa akijua watu wake walimkataa," akaondoka, na hakurudi kwa miezi minne, na aliporudi alisema neno moja tu, "Litangazwe."

Marehemu alianza kuugua figo Machi 2024, akiwa amestaafu na kukaa kwa Rogers, Al Twar, akalazwa mara tatu, na Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tano asubuhi, akafariki dunia, akiwa na miaka sitini na minane, miezi mitano na siku ishirini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Al Twar waliopika siku zote tatu, Bwana Musallam na wafanyakazi wake waliobeba gharama za karatasi za safari, na Edna, aliyeomba ruhusa kwa madam wake, akakataliwa, akaja.

Basi, Edna, simama, na wewe Rogers, msimamie baba yako. Kwa fomu iliyoko mkononi mwa msomaji, yenye sahihi za mawakala wa pande zote mbili, matokeo ya Jimbo la Mkalole ya tarehe 27 Oktoba 1985 ni haya: nyumba, kura elfu kumi, mia tano na themanini, jembe, kura elfu kumi na mbili, mia nne tisini na tisa, na Mwalimu Evans Ndunguru ndiye aliyechaguliwa, na Lihonga haikumkataa.

Yametangazwa, kaka. Weka rula chini, upumzike kwa amani.