Rajabu Matimbwa na Mwinuko wa Mikaratusi

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ndugu Rajabu Matimbwa anastaafu kazi ya kupeleka chanjo katika zahanati yetu. Anaondoka na magoti yanayolalamika kidogo, baiskeli yake ya tatu, na jina zuri.

Alizaliwa Kilwa Kivinje, akaja Tukuyu mwaka 1990 akiwa na barua ya ajira na koti jepesi mno. Kwao, alipenda kusimulia, mtu anaweza kuendesha baiskeli asubuhi nzima asiuone mlima. Huku alikabidhiwa baiskeli nzito isiyo na gia na kasha la baridi, akaonyeshwa njia: kutoka ghala la mjini, kupita Bulyaga, kuteremka hadi darajani, kisha kilomita mbili na nusu za mwinuko wa mikaratusi hadi kwetu. Miezi ya mwanzo alizipanda kwa miguu, akisukuma.

Alikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kila mgeni wa milima: aliuvamia mwinuko kwa kasi tangu darajani, amesimama juu ya pedali, na kabla ya kona ya kwanza pumzi ilikuwa imekwisha. La pili lilitokana na malezi. Alifundishwa kwamba kijana hampiti mtu mzima akiwa amekaa kwenye tandiko. Basi kwa kila mzee aliyekutana naye alishuka baiskeli, akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Wazee wa mwinuko ule walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Jumanne moja ya Aprili 1991 alifika saa nane mchana. Barafu ilikuwa imegeuka maji na kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na moja, wakati mwisho ni nane. Akina mama ishirini na watatu walirudi makwao na watoto wasiochanjwa. Surua ilikuwa imeshafika kijiji cha pili bondeni. Muuguzi wetu mkuu wa wakati huo, Dada Justa, hakupaza sauti. Alisema tu, "Rajabu, kliniki nyingine ni baada ya wiki mbili. Ukichelewa tena nakupa ufagio, baiskeli nampa mwingine."

Kwa wiki mbili hizo Rajabu alipanda mwinuko ule kila alfajiri, na kasha likiwa limejazwa mawe. Alijifunza kuuanza taratibu hata mtu wa miguu angempita. Alijifunza kukaa, kuinamisha kifua mbele, kupumua kwa hesabu ya pedali, na kwenda mshazari pale barabara ilipokuwa pana. Kasha alilifunga chini na kulikaza kwa mpira, lisimvute nyuma. Macho aliyaweka hatua chache mbele ya gurudumu, kwa kuwa kukitazama kilele, alisema, kunachosha kuliko kukipanda.

Salamu zilimshinda. Bibi Anyosisye, aliyeuza ndizi katikati ya mwinuko, alimwona akishuka baiskeli kwa mara ya tatu asubuhi moja, akakasirika. "Mwanangu, shikamoo yako mimi naila? Watoto wanangoja sindano, wewe unaniuliza ng'ombe! Pita!" Rajabu akajibu kwamba hawezi, mama yake angemwona hata akiwa Kilwa. Bibi akacheka mpaka akaketi. Kisha akatoa hukumu: "Basi gonga kengele mara mbili. Hiyo ndiyo shikamoo yako. Nitaitikia, na wenzangu nitawaambia."

Siku ya kliniki mvua ilinyesha. Rajabu aligonga kengele mara mbili alipomfikia Bibi Anyosisye, na marahaba ikamtangulia kupanda mlima, kutoka mlango hadi mlango, pamoja na sauti za "Mpisheni, chanjo hiyo!" Hakushuka hata mara moja. Alifika saa tatu na nusu, na sisi tuliokuwa barazani tulisikia vipande vya barafu vikigongana ndani ya kasha. Dada Justa alisoma kipimajoto: nyuzi nne. Akaketi kwenye benchi, akafunga macho kwa muda, kisha akaita jina la mtoto wa kwanza. Surua ilipofika kijijini kwetu mwezi uliofuata, iliwakuta watoto wale wamekwisha kuchanjwa.

Baadaye alipata baiskeli yenye gia, akatunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, akawafundisha wenzake wanne kupanda mlima. Alimwoa Safina, fundi cherehani wa Ibighi, na sasa anaongea Kinyakyusa chenye lafudhi ya pwani. Wengine wetu tuliotoka mbali tungali tunahesabu siku za kurudi kwetu. Yeye aliacha kuhesabu mapema, nasi tulimwonea wivu kidogo.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Juni. Alimkabidhi kasha Lusungu, mhudumu anayechukua nafasi yake, akasubiri kipimajoto kisomwe kama alivyosubiri kila mara. Nyuzi tano. Alishusha pumzi ndefu, akaagiza chai.

Tunakushukuru, Ndugu Rajabu, wewe na familia yako. Tunawatakia afya, usingizi mzuri na asubuhi zisizo na saa. Chanjo zimefika salama. Sasa pumzika.