Mtu Aliyepima Uzito wa Joka

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu, na dada yangu, ambaye leo ni mjane, amenisisitiza nisimpambe marehemu, maana mwenyewe hakupenda kitu kilichopambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1987, na waliosoma naye wanamkumbuka kwa kuuliza, kila iliposomwa hadithi ya sungura, sungura huyo alijifunzia wapi kusema. Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka masokoni na maghalani na mawe yake ya kupimia, na huko ndiko alikobandikwa jina la Haiwezekani, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla ya salamu.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na dada yangu, msusi, mcheshi, mwenye saluni nyuma ya kituo cha mafuta, wakajaliwa mabinti wawili, na sisi tuliokuwepo harusini tulijiuliza maji na mafuta yatakaaje chupa moja.

Mwaka 2009 mdogo wake marehemu, fundi wa majokofu, alileta nyumbani mchezo wa mezani, ule ambao mmoja anasimulia, wengine kila mtu anakuwa shujaa wake, mpiga upanga au mchawi, na dadu zinaamua nani kapona na nani kaumia, marehemu akaupenda kupita kiasi, kisha akaanza kuurekebisha, na hapo ndipo raha ilipoota mbawa. Alitaka upanga uchoshe mkono, begi liumize mgongo, mchawi aliyelowa mvua ashikwe na mafua, akaandika kanuni za haya yote kwenye meza ya chakula, mpaka watoto wakawa wanakula sahani ziko magotini. Mdogo wake alimwambia wazi, "Kaka, mimi nimeshinda nikibeba majokofu, halafu unanikalisha hapa nibebe tena?" naye akajibiwa kwamba pasipo na uzito hapana ushujaa, kwani anayeruka ukuta usio na urefu karuka nini.

Dada yangu ndiye aliyevumilia zaidi, kwa mapenzi tu, akamlea shujaa wake, mwanamke wa upanga, mwaka mzima kama mtoto wa kumzaa, hadi Jumapili moja ya mwaka 2014 alipomfikisha mlangoni pa pango la joka, ndipo marehemu, aliyekuwa msimulizi, akatangaza kwamba shujaa alikanyaga msumari wenye kutu kule darajani, sasa taya zimekaza, ni pepopunda, amekufa. Dada aliuliza, "Na joka?" akaambiwa joka lipo, ila kwa uzito wake haliwezi kuruka, hivyo hakukosa kitu cha maana. Alisimama, akaenda kuoga, wala hakucheza tena kwa miaka saba, akisema misumari yenye kutu anayo tele maishani, ya kuigiza ya nini.

Agosti 2021 figo za marehemu zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu hospitali, na madaktari walimweleza hali yake yote bila kupaka sukari, kama alivyotaka, naye akageukia ukuta, na jioni akamwomba mkewe wacheze. Dada alikubali kwa sharti moja, kwamba safari hii msimulizi ni yeye, na kabla mgonjwa hajavuta pumzi akamletea joka mgongo wazi, lipandwe. Marehemu alianza, mabawa yana upana gani, mifupa yake ni ya namna gani, dada akamkata, "Baba wa mabinti wawili, mimi nimesuka vichwa tangu asubuhi, nimekuja hapa kwa miguu, joka linaruka, unapanda hupandi?" Muuguzi aliyekuwa akirekebisha mrija alisimama kusubiri jibu, na marehemu akauliza huko juu kuna baridi kiasi gani, akaomba sweta, akapanda.

Msidhani alibadilika, kwani kesho yake alidai kujua joka linalishwa nini, na siku za mwisho walikuwa wanabishana litatuaje kwenye tope bila kuzama, ubishi ambao dada anasema yeye alikuwa karibu kuushinda, marehemu alipofariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Februari 2022.

Familia inawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyekuwa akichelewa kuondoka zamu ili asikie kinachoendelea, majirani waliotulishia watoto, na wakaguzi wenzake waliobeba jeneza leo bila kulalamika, ingawa nimesikia mmoja akikisia kilo zake.

Umetangulia, baba wa mabinti wawili, na huko uliko, wakikuambia jambo lisiloingia akilini, tunakusihi uwavumilie kidogo. Pumzika kwa amani.