Siku Fundi Isakwisa Alipokaa Chini

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Isakwisa Mwaihojo anakabidhi funguo zake, baada ya miaka thelathini na minne ya kutoa na kushusha pampu za visima virefu katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Kamati ya sherehe imeniomba niandike habari zake kwenye ratiba hii, kwa kuwa stoo yangu ndiyo kituo chake cha kwanza kila asubuhi. Elimu yangu ni darasa la saba, mnisamehe nitakapoteleza. Na niseme ukweli, naandika roho ikiwa haijatulia.

Aliajiriwa kwenye karakana yetu Iringa mwaka 1991, kibarua wa kushika kamba. Mwaka 1998 akahamia Mbeya, fundi kamili wa pampu za kuzama, zile ambazo hata mota zake zinakaa ndani ya maji, chini kabisa ya kisima. Kwa fomu za stoo tangu nianze mimi, ameshughulikia visima mia mbili na kumi na sita.

Mtu huyu hakai. Kanisani alikuwa anasimama mlangoni tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, mwishowe wazee wakampa kazi ya kupokea wageni ili kusimama kule kuwe na jina. Dukani kwa Ramesh, Mwanjelwa, tunakonunua kebo, chai anainywa wima, huku anapima waya kwa vidole. Ramesh hachoki kumwambia, "Kaa, fundi, kiti ni bure." Miaka ishirini na saba, hajakikalia.

Mwaka 2007 alifunga pampu katika kijiji kimoja nyuma ya Chimala. Jenereta ya pale ilikuwa ya fezi tatu, na kwenye fezi tatu ukibadilisha waya mbili nafasi, mota inazunguka kinyume. Haipigi kelele wala haiungui. Inaleta maji kidogo tu, kama kisima kinachokauka. Wanakijiji wakamwita. Akaja akatazama, akawaambia kina cha maji kimeshuka. Mwenyezi Mungu anajua alisema kwa nia njema. Kina mama wakarudi kuchota kwenye mfereji wa mpunga, na watoto wakaanza kuumwa matumbo.

Neno lake mwenyewe likamsumbua. Wiki ya tano akaomba likizo, akapanda basi hadi Chimala kwa nauli yake, akafungua boksi la swichi, akahamisha waya mbili. Maji yakajaa bomba. Watu wakamshangilia, wakamletea mchele, na mama mmoja, Bibi Bupe, akaleta kuku. Hapo angeweza kushukuru akaondoka. Badala yake alimwomba mwenyekiti akusanye watu, akasema mbele yao: "Kisima hakijawahi kukauka. Mimi ndiye niliyefunga waya vibaya, nanyi mkanywa mfereji wiki tano."

Bibi Bupe akasogea, akamchukua kuku wake mkononi mwa fundi. "Kuku narudi naye," akasema. "Mchele chukua, maana umekuja kusema."

Kisa hiki amekisimulia yeye mwenyewe kwa kila kijana aliyeanza kazi hapa, na pale kwenye kuku anacheka hadi anatoa machozi. Ila ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kutaja. Kabla pampu haijashuka, kila mtu husimama kuizunguka. Fundi anagusa kifaa kimoja kimoja kuanzia chini kwenda juu, nasi tunajibu jina na kazi yake. Mota: imejazwa maji safi? Chujio: ni zima? Impela, zile zinazosukuma maji juu: zinazunguka kwa mkono? Vali ya kuzuia maji yasirudi, bomba, kamba, kebo. La mwisho ni mzunguko: tutaujaribu pande zote mbili, tuache ule unaoleta maji mengi. Ni kama katekisimu, wala sioni aibu kuifananisha hivyo.

Sifaeli, fundi kijana aliyetoka chuoni na diploma yake, alicheka mwanzoni. Akasema hayo yote yamo kwenye kitabu cha kiwanda. Fundi akamwambia kitabu hakipokei simu ya pampu iliyoharibika kijijini Rujewa. Ni kweli. Mimi nimepigiwa simu nikaombwa sahani, kumbe wanataka impela. Ndiyo maana fundi alibandika kwenye mlango wa stoo karatasi ya majina, la kitabuni na la kijijini ubavu kwa ubavu. Tangu hapo sijatuma kifaa kisicho chake.

Mwaka huu alianza kuja stoo mara nne kwa siku bila fomu. Aligusa vifaa, akavirudisha. Siku moja alinieleza: anaogopa akiondoka vijana wataacha kutaja kwa haraka zao, na watu watakunywa mfereji tena. Nilimwambia tumwachie Mungu. Akajibu kwamba Mungu alimwachia yeye hiyo kazi.

Mwezi Mei mota ya kijiji kilekile cha nyuma ya Chimala ilikufa. Meneja akaamua Sifaeli aongoze, fundi atazame tu. Nami nilikwenda na vifaa. Fundi alizunguka tangi, akaenda chooni, akarudi, akazunguka tena. Pampu ikainuliwa juu ya kisima na Sifaeli hajaanza kutaja. Mara Sifaeli akanyanyua mkono, akatuita wote, hadi kamati ya maji na Bibi Bupe na mkongojo wake. Akagusa chini kabisa, akauliza mota imejazwa nini.

Tulitaja hadi mwisho. Nilipogeuka, Fundi Isakwisa alikuwa amekaa juu ya mduara wa kamba kuukuu, amekipa kisima mgongo.

Umeme ukawashwa. Maji yakatoka membamba kama ya birika. Sote tukamtazama fundi. Hakuinuka, wala hakugeuza shingo. Sifaeli akazima, akahamisha waya mbili, akawasha. Bomba likajaa likatikisika, na Bibi Bupe akamwambia Sifaeli kuku wake yuko nyumbani, aje amfuate.

Kaka Isakwisa, karakana yote inakushukuru. Tumekuchongeshea kiti cha mninga, na Ramesh amechangia mto wake. Mkeo, Mama Lusekelo, ametuonya kwamba utakizunguka tu. Mwenyezi Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukikalia. Simu ya Rujewa ikilia, tutapokea.

Faustina Kikoti, Stoo