Maneno ya Dada wa Dereva, Siku ya Kufungua Mizani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda hiki cha saruji, Ndugu Meneja wa Usafirishaji, viongozi wa madereva, mafundi na wapakiaji, mama yangu uliyeketi hapo mbele, wifi yangu, ndugu wageni waalikwa: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Wengi mnanijua kama dada wa marehemu, yule dereva mliyempa jina la Taratibu. Wachache wanajua kwamba kazi yangu ni kupima mpira wa matairi maabarani. Tunakata kipande cha mpira, tunakigandamiza juu ya pipa linalozunguka, lililovikwa msasa, kisha tunaangalia kimelika kiasi gani. Tukiongeza uzito juu yake, kinalika zaidi. Na msidhani uzito ukiwa maradufu basi na kulika ni maradufu; mpira wa malori niliowahi kuupima mimi ulilika kupita hapo. Halafu kuna joto. Tairi lililozidiwa na mzigo hujikunja kupita kiasi, huchemka, na mwishowe hupasuka bila kuuliza nani yuko kwenye usukani.

Jumapili moja kaka alikuja kwa mama analalamika kwamba matairi mapya kabisa yameshaliwa pembeni. "Siku hizi wanatengeneza matairi au bablishi?" Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikachukua ufutio wa binti wa kaka, nikasugua karatasi polepole. Zikatoka chembe chache. Nikakandamiza kwa nguvu. Ufutio ukamenyeka, karatasi ikachanika, mtoto akapiga kelele, "Shangazi, ufutio wangu!" Kaka akaacha mzaha. Alizikusanya zile chembe kiganjani, akazitazama, akasema, "Kumbe ndiyo hivyo. Basi kesho nawaambia ofisini."

Na aliwaambia. Msibani nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, sikio la kufa halisikii dawa. Jamani! Neno lile liliniuma, na mpaka leo linaniuma, kwa sababu sikio la kaka yangu lilisikia. Alikwenda ofisini kwa heshima zake, kofia mkononi, akaomba apunguziwe mifuko. Akajibiwa, "Taratibu, kama gari limekushinda, weka funguo mezani. Wanaoitaka kazi wamejaa getini." Aliyejibu yupo hapa, sitamtaja, najua naye alikuwa na mkubwa wake anayemhimiza. Kaka akafikiria shule ya mtoto, akafikiria dawa za mama, akarudi kwenye gari. Tairi la mbele likapasuka kwenye mteremko.

Je, tuseme alikosa elimu? Elimu alikuwa nayo, tena aliipokea kwa mikono miwili. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia, "Sawa, shusha."

Mheshimiwa, nakushukuru kwa mizani hii ya kupimia malori. Hakuna aliyekulazimisha kuijenga, na umemwita mama yangu ukamkalisha safu ya kwanza, wakati wengine hata salamu za rambirambi ziliwashinda. Mungu akulipe. Lakini nakuuliza, kwa adabu zote: mizani inajua kushusha mfuko? Mizani husoma tu, ikanyamaza. Wa kushusha ni mtu, na wa kumwamuru ni mtu.

Lile lori mlilolivika maua kwa ajili ya maonyesho limekaa juu ya mizani tangu tulipoketi, na namba za uzito wake nazisoma nikiwa hapa hapa. Limezidi. Naam, geukeni mtazame. Dereva wake ameinamisha kichwa. Msimlaumu, naye ana wanaomngoja nyumbani.

Nimeombwa nikate utepe, na mkasi ninao. Naomba kwanza, Mheshimiwa, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mama yangu akisikia, uamuru mifuko iliyozidi ishushwe. Nitasimama hapa mpaka wa mwisho uguse chini. Ratiba itavurugika, chakula kitapoa, mtanisamehe. Kaka yangu aliomba jambo hili hili akiwa peke yake ndani ya ofisi. Leo naliomba mbele ya wote.

Mimi nimemaliza, ndugu zangu, na asanteni kwa kunisikiliza. Sasa, Mheshimiwa, tunakusikiliza wewe.