Mzee Bobini na Swali Lililobaki Wazi

Wafiwa, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, haya anayowasomea mpwa wa marehemu yameandikwa na dada mkubwa wa marehemu, mwenye miaka sabini na minne na elimu ya darasa la nne, kwa hiyo shikeni tarehe, mwandiko mwachieni mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bobini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kitindamimba wa watoto watano, kichwa kikubwa kuliko mwili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa usafi, na ni miaka hiyo dada yake alipomfundisha kupitisha uzi kwenye cherehani ya mama yao, jambo ambalo dada hakuacha kumkumbusha mpaka uzeeni, hata mbele ya wageni.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, kitengo cha matengenezo, akatunza cherehani mia moja na kumi kwa miaka ishirini na tisa, akizijua kwa milio kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2003. Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na mshonaji wa meza ya kola, baada ya cherehani ya bibi huyo kuharibika mara saba katika mwezi mmoja, na mpaka leo mjane hajasema nani alikuwa akiiharibu. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Tarehe 2 Juni 2004, kwa kompyuta ya binti yake mkubwa, akichapa kwa kidole kimoja, alianzisha jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa cherehani kongwe, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba aliyeuliza swali akishasaidiwa arudi aandike "imepona", ndipo marehemu alifunge, ili atakayekuja miaka kumi baadaye na ugonjwa huohuo akute dawa iliyokwisha kujaribiwa. Kufikia 2011 walikuwa watu elfu mbili na mia tatu, wasiojuana sura, wakiitana Sindano Butu na Mkanda Mlegevu, wakigombana wiki nzima kuhusu aina ya mafuta kisha wakiombana radhi.

Halafu zikaja simu za kutelezesha kidole, wakahamia huko mmoja mmoja, bila hata kuaga, wakisema kule majibu ni ya papo hapo. Marehemu naye alijiunga na kundi mojawapo, akakaa siku tatu, akaona swali la asubuhi limefukiwa adhuhuri na picha za maua na tangazo la magodoro, na kesho yake mtu mwingine akauliza lilelile, akatoka. Kufikia 2019 walibaki tisa, mwaka jana alibaki peke yake, na bado kila asubuhi baada ya chai alifungua, akatazama, akashusha pumzi, akafunga. Mjane alimwambia baba watoto, hilo duka halina mteja, lifunge upumzike, naye akajibu kwamba limebaki swali moja la tarehe 21 Agosti 2012, la mtu aliyejiita Mgeni Mtulivu, ambaye cherehani yake ilikuwa inaruka mishono, na mpaka mtu huyo aseme imepona, yeye hafungi. Alimwandikia mara kumi na nne kumuuliza hali, hakujibiwa.

Marehemu alianza kuugua moyo Februari 2023, akalazwa mara tatu, akafariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, na siku mbili kabla alimuuliza mjane kama Mgeni Mtulivu ameandika.

Sasa, kwa kuwa msiba hauna pa kujificha, dada yake anasema mbele yenu kwamba Mgeni Mtulivu ni yeye. Aliandikiwa swali lile na mkaza mwana wake, akikwepa kumuuliza mdogo wake ana kwa ana, maana angecheka mpaka majirani wasikie, na jibu la kwanza kabisa, la marehemu mwenyewe, lilisema tazama sindano, usikute umeiweka kinyume, akatazama, akaikuta kinyume. Mwalimu mzima akaona aibu kumrudia mwanafunzi wake, akanyamaza miaka kumi na miwili, cherehani ikishona vizuri tu, hata vitambaa vyeupe mlivyofunga leo mikononi imevishona hiyohiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya moyo, hasa yule muuguzi mrefu aliyemruhusu kuwa na kompyuta kitandani, majirani walioleta viti na maji, wenzake wa kiwandani, na Mkanda Mlegevu, aliyesoma tangazo la kifo akasafiri siku nzima, ndiye yule mwenye kofia, mkaribisheni.

Jana saa tano asubuhi dada aliandika neno lile kwa mkono wake, kidole kimoja kimoja, na mjane akalifunga swali kama alivyowahi kuonyeshwa. Imepona, mdogo wangu. Lala sasa, hakuna swali linalokusubiri.